Mwaka Bomba Lilipouma Watu

Hii habari kila nikiisimulia naonekana mjinga, na wewe unayesoma utaniona mjinga pia, basi tukubaliane mapema tusichoshane. Mwezi uliopita tumemzika Bi Tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mihogo, waliotangulia na jeneza huwaoni, unasikia tu dhikri inatembea mbele yako kama haina watu. Mimi na goti langu tulikuwa nyuma kabisa. Kijana mmoja akapunguza mwendo, akanisalimia shikamoo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, eti huyu bibi zamani walitaka kumfukuza kijijini? Eti alikuwa na jini?" Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema bibi yake. Nikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha uongo, nimekitumia miaka mingi kila habari hii ikitajwa, lakini siku ile kilinikwama kooni, maana mwenye haki ya kunicheka alikuwa ndani ya jeneza.

Ilikuwa mwaka ule tuliokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa, njia ya kwenda Mlola. Pale juu palikuwa na nyumba ya mlowezi mmoja, Mzungu aliyeondoka baada ya uhuru akaacha hata pazia. Nyumba ya mawe, korido ndefu yenye giza saa sita mchana, sebule yenye sehemu ya kuotea moto ambayo mbuzi mzima angeingia. Kijiji kikaichukua. Sebule ikawa ofisi, vyumba viwili vikawa chekechea, na jikoni Bi Tatu akapewa kazi ya kuwapikia watoto uji. Uji wake ulikuwa mzito, wa mahindi, na siku za bahati anatia maziwa, na ukipita dirishani akakuona anakuchotea bila kukuuliza umri. Alikuwa mjane, Mbondei kutoka upande wa Sigi huko chini, hana mtoto, hana ndugu hapa juu. Kibanda chake cha zamani kilibomolewa watu walipohamishwa. Anacheka kidogo, anavaa kaniki, na miguuni katambuga, vile viatu vya tairi la gari, mchana kutwa, hata mbele ya jiko. Sisi wengine wote jikoni tuliingia peku, maana sakafu ya Mzungu ilikuwa saruji nyekundu na Mwenyekiti hakutaka ichafuliwe na matope ya shamba. Bi Tatu yeye alikuwa na nyufa za visigino, akaruhusiwa.

Nyumba ilikuwa na umeme. Kule bondeni kijitoni Mzungu alifunga gurudumu la maji na dainamo, ukifungua mlango wa mfereji taa zinawaka. Na mimi, darasa la saba langu na miezi minane ya kumbebea vifaa fundi mmoja Lushoto mjini, ndiye nilikuwa fundi wa umeme wa kijiji. Nilijua kubadilisha glopu na kuunga waya. Palipobaki nilijazia maneno, na maneno nilikuwa nayo. Mtoto akiniuliza umeme ni nini namwambia ni siafu waliofundishwa kupanga foleni. Wazee walicheka mpaka kofia zinaanguka. Nikajiona zumbe, chifu mzima wa Usambara.

Kwenye korido kulikuwa na kabati, ndani yake ubao wenye fyuzi sita za kigae cheupe. Kila fyuzi ina kiwaya chembamba ndani yake, umeme ukizidi kinaungua, sehemu ile inazimika, basi. Fyuzi ya tatu ilikuwa inakatika kila baada ya siku mbili. Ilibeba taa za sebuleni na tangi moja kuukuu la kupashia maji lililokaa nyuma ya mlango wa jikoni, ambalo halikuwahi kupasha maji tangu tuhamie, tukajua limekufa. Nikawa natia kiwaya, kinakatika, natia kingine. Mwisho viwaya vikaisha, na Lushoto mjini nako madukani hakuna. Siku hiyo hiyo akaja mkubwa kutoka wilayani kuona maendeleo. Yupo katikati ya kikombe cha pili cha chai, anasema kijiji hiki ni mfano, pa, giza. Mwenyekiti alinitazama tu. Nikaingia kabatini na kiberiti, nikachukua msumari wa nchi tatu, nikaubana pale kiwaya kinapokaa. Taa zikarudi. Watu wakapiga makofi. Mkubwa akauliza jina langu, Mwenyekiti akalitaja kana kwamba amenizaa yeye.

Nilijua msumari si fyuzi, nisiwadanganye. Msumari hauungui, ndiyo maana niliupenda.

Baada ya wiki ukuta wa korido ukaanza kuwa na joto. Wakati wa baridi kali, ukungu unaingia mpaka ndani ukifungua dirisha, na watoto wa chekechea wakagundua ukuta ule kabla yetu. Unapita unawakuta wamejipanga, migongo ukutani, macho wamefumba, kimya, watoto ishirini kimya, kama mijusi juani. Wakaitwa kula uji wasitoke. Halafu ikaja harufu. Bi Tatu ndiye wa kwanza kuisema: "Sefu, mbona nasikia samaki? Nani kaleta samaki huku?" Hapakuwa na samaki hata mmoja mlimani. Na ukiweka sikio ukutani, ulisikia mtu anaimba mdomo umefungwa. Sauti moja tu, haipandi haishuki. Taa za sebuleni nazo zikawa zinapumua, zinafifia polepole, zinarudi polepole, mchana kweupe. Katibu akaacha kukaa peke yake ofisini. Mimi nikasema, "Mzungu karudi kuota moto, Ulaya baridi." Watu wakacheka, lakini walicheka huku wanatazama ukuta.

Wazee wakaona nyumba ile iliingiwa bila kutengenezwa. Kwetu huwezi kuhamia pa mtu aliyeondoka na kinyongo hivi hivi, lazima paondolewe alichoacha na pazikwe chako, fingo la kulinda mji. Akaletwa mganga. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anaongea Kishambaa cha zamani. Akazunguka nyumba mara tatu, akasimama nyuma ya jikoni chini ya dirisha, akapiga jembe pale atakapozika. Jembe likagonga chuma. Akafukua kidogo. Ikatokea fimbo ya shaba imesimama wima ardhini, imeota kijani, na juu yake waya mnene umefungwa kwa bolti, unaingia ukutani. Mganga akakaa chini kabisa. Akauliza, "Hiki nini?"

Wote wakanigeukia mimi, fundi. Sasa hapa ndipo. Yule fundi wangu wa Lushoto aliwahi kunionyesha fimbo kama ile, akaniambia ni waya wa ardhi, umeme ukipotea njia unapitia hapo kwenda chini, usiuguse. Nilikumbuka. Lakini ninyi hamkuziona zile nyuso. Wazee tisa, wamenyamaza, kofia mkononi, wananingoja mimi kijana wa miaka ishirini na moja niwaambie. Ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Hilo? Hilo si ndilo fingo la Mzungu lenyewe."

Nikangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Mganga akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. "Ndiyo," akasema. "Nimeliona." Nikafungua mdomo nirudishe neno langu, nikaona nitaonekana nimewafanyia mzaha wazee wazima, nikaufunga. Wakakata ule waya kwa panga. Wakafukua mpaka adhuhuri, fimbo ilikuwa ndefu kunizidi mimi. Na nani aliyeshika upande wa pili kuibeba mpaka njia panda ikazikwe? Mimi. Kwenye shimo lile nyuma ya jikoni mganga akazika fingo letu, akafukia, akamwagia maji.

Siku ya tatu ukuta ukapoa. Mlio ukaisha. Watu wakamsifu mganga, na mimi nikajisemea kumbe sikuharibu kitu. Siku ya nne Mwenyekiti akaingia jikoni kuchukua udhu wa adhuhuri. Akavua viatu, akakunja suruali, akashika bomba. Akapiga ukelele nisiowahi kuusikia kwa mtu mwenye cheo. Alikuwa anautazama mkono wake kama si wake. "Kuna mtu kanishika," akasema. "Ndani ya bomba. Kanishika kiganja." Akajaribu mzee mwingine, naye akashikwa. Kila aliyevua viatu akatawadha alishikwa. Ndani ya wiki moja ikajulikana nyumba ile ina kitu kisichotaka udhu. Na pale pale, huku wanaume wanapuliza viganja vyao, Bi Tatu alipita katikati yao na sufuria, akafungua bomba lile lile, akajaza maji, akafunga, akaondoka zake. Mlio pekee ulikuwa wa katambuga zake, kwap, kwap, kwap.

Kuanzia hapo sikuhitaji kuambiwa wanasema nini, nilisikia mwenyewe. Mwenyekiti alinipandisha darini nitazame nyaya, maana taa zilikuwa bado zinafifia. Nipo kifudifudi kwenye vumbi, chini yangu stoo, wanawake wawili wanachambua maharage. Sauti zinapita kwenye ufa wa mbao kama zinasemwa sikioni mwangu.

"Wewe umemwona anatawadha hapa?"

"Thubutu! Anakwenda kijitoni na kopo lake. Anasema amezoea kijitoni."

"Amezoea! Na mumewe alikufa na nini?"

"Alilala tu akafa, ndivyo anavyosema yeye."

"Ehee." Maharage yakaanguka kwenye ungo, moja moja. "Wangu haji tena kunywa uji. Nimemwambia akipewa amwage."

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanakaa. Baada ya swala. Mwenyekiti kasema arudi alikotoka."

"Alikotoka si pamebomolewa?"

"Hiyo shauri yake na huyo wake wa kwenye bomba."

Nilibaki darini mpaka walipoondoka. Sikuwa naogopa jini, nataka mjue. Nilikuwa naogopa kushuka, maana nikishuka nitakuwa mtu anayejua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Ijumaa hiyo, walitaka kwanza mkubwa fulani wa wilaya akubali. Wiki tatu nikapita dirishani kwake nikanywa uji wake, sufuria imejaa, wanywaji watano. Nikampigia hadithi za siafu. Akacheka kidogo.

Taa za sebuleni zikafa kabisa, Mwenyekiti akaagiza fundi wa kweli. Akaja Mzee Yohana, fundi wa mashine za kupasua mbao, Mlutheri, mzee wa kanisa, mtu wa maneno ya kuhesabu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananusa. Hakugusa kitu. Alitembea korido nzima kwa pua, akipitisha mgongo wa mkono karibu na ukuta bila kuugusa. Habari za bomba alizisikia njiani, akaniuliza linauma nani. Nikamwambia wote ila mama mpishi. Akaenda jikoni, akamsalimia Bi Tatu kwa heshima, halafu akasema, "Mama, hebu niinulie mguu." Bi Tatu akashangaa, akainua. Mzee Yohana akaitazama soli ya tairi. Akanitazama mimi. "Wanaoumwa wanavaa nini?"

"Peku, Mzee."

"Mm."

Alikuwa na taa ya kujaribia, glopu moja yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaufunga kwenye bomba. Wa pili akaufunga kwenye kijiko, akaniambia nitoke nikichomeke kijiko kwenye udongo mbichi chini ya dirisha. Nje ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, sioni hata mkono unaochomeka. Nilipoingiza kijiko nikachungulia dirishani, kule ndani kwenye giza la jikoni glopu ikawaka. Haikuwaka vizuri, iliwaka nyekundu, kama jicho la mnyama aliyelala nusu. Imeunganishwa na bomba la maji na udongo, si kingine. Bi Tatu akasema "Subhanallah," akarudi nyuma mpaka ukutani.

Tukafunga mlango wa mfereji, umeme ukakatika nyumba nzima, ndipo Mzee Yohana akafungua kabati. Msumari wangu ulikuwa umegeuka bluu, na kigae chake kimepasuka. Akautoa kwa koleo, akauweka kiganjani.

"Nani kaweka hii?"

"Sijui Mzee. Labda jini."

"Jini la kwenu linatumia nchi tatu?"

Akaendelea na kazi kana kwamba hakuniuliza. Akafungua kibati cha ukutani kwenye korido, akavuta waya. Mpira wake wote ukamwagika mkononi kama ukoko wa ugali ulioungua, unanuka ile ile samaki, ikabaki shaba tupu. Akavuta mwingine, hivyo hivyo. Ukuta mzima ndani yake ulikuwa makaa. Mahali pale pale watoto walipokuwa wanaegemea migongo. Nikakaa chini. Mwisho akafungua lile tangi lililokufa. Kumbe halikufa. Swichi yake ilikuwa imekwama imewaka, na koili ya ndani imepasuka, inagusa bati la tangi, na bati linagusa mabomba.

"Umeona," akasema. "Huyu mgonjwa alikuwa analalamika. Kila siku mbili fyuzi inakatika, ndiyo anakwambia, naumwa, njoo uone. Ukaweka msumari. Basi umeme wote ukawa unakimbia kwenda ardhini kupitia nyaya nyembamba, zikaungua. Sasa kilichonishinda ni kimoja. Ungekuwa unakwenda ardhini, usingeshika watu kwenye bomba. Waya wa ardhi uko wapi?"

Nikamwambia. Yote, na msumari, na fingo, na njia panda, na kikao cha Ijumaa cha kumfukuza Bi Tatu. Nilikuwa nalia sasa, kamasi na nini. Nilidhani atanipiga. Akafuta koleo lake kwa kitambaa.

"Ijumaa nani atawaeleza?" akauliza.

"Wewe, Mzee."

"Mimi mgeni, tena Mkristo. Watasema huyu mama kanihonga uji. Na tangi silitengenezi leo, nakiacha kidonda wazi wakione. Wewe ndiye utasema."

Ijumaa baada ya swala sebule ilijaa mpaka madirishani. Bi Tatu alikaa peke yake kwenye mkeka, bunda lake tayari pembeni, amelifunga kwa kamba. Mwenyekiti akaanza na dua. Kabla hajafika kwenye jambo nikasimama nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Niliziba fyuzi kwa msumari, na ile fimbo haikuwa fingo, nilikuwa natania."

Wakacheka. Nyumba nzima. Mzee mmoja akapiga paja, "Huyu Sefu huyu! Hata leo!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anamhurumia, anakula pale." Nikaapa, wakacheka zaidi. Nikajipiga kifua, mtu akafuta machozi ya kicheko. Nilisimama pale nikatambua kuwa sina sauti nyingine. Mwaka mzima nimewazoesha hii moja. Bi Tatu peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo.

Nikachukua jembe nikatoka. Nikaenda njia panda, nikaanza kufukua walichozika wazee, mchana, kwenye ukungu. Hapo kicheko kikakatika. Wakanifuata kwa mbali, nasikia wananong'ona astaghfirullah, lakini hakuna aliyekaribia. Nikaitoa fimbo kwa mikono mitupu, nikaiburuta peke yangu mpaka jikoni, inachora mstari kwenye matope. Shimo la zamani lilikuwa na fingo letu, sikuligusa, nikaisimika upande wa pili karibu na mfereji wa paa, nikaigongomea kwa nyundo.

Mzee Yohana alikuwa ameshavuta waya mpya na kutia fyuzi ya kweli. Akafungua umeme kwanza bila ardhi, akawaonyesha glopu inavyowaka kati ya bomba na udongo. Wanawake wakapiga yowe. Akafunga, akaunga waya kwenye fimbo, akafungua tena. Kabatini pa! Fyuzi ikakatika papo hapo, na glopu haikuwaka. "Ndiyo kazi yake hiyo," akasema. "Sasa bomba halina mtu." Wote wakanigeukia mimi, na Mwenyekiti akasema, "Shika basi."

Nikavua viatu. Sakafu ilikuwa imelowa. Nilimwamini Mzee Yohana, lakini mkono haukumwamini, ulikataa kwenda, nikausukuma kwa mkono wa pili. Nikashika bomba. Chuma baridi. Nikangoja kiganja cha mtu. Chuma baridi tu. Nikafungua maji, nikachukua udhu wote mbele yao, sikuruka hata masikio. Mwenyekiti akaja nyuma yangu, akavua viatu, akatawadha. Hakuniomba radhi wala hakumwomba Bi Tatu. Alifuta uso akasema, "Basi mama akae," kama mtu anayesema fungeni mlango. Funguo ya kabati alinipokonya pale pale. Tangi likatolewa nje, likawa la kunyweshea ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nikaenda jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na la kuchekesha nilikuwa nalo moja, la dharura. Bi Tatu alikuwa amefungua bunda, vitu vyake vimerudi msumarini na rafuni. Akanichotea uji, akanipa kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Nikamwambia, "Bi Tatu, nisamehe, nilichelewa."

"Si kuchelewa, mwanangu," akasema. "Wote wanashikwa, mimi sishikwi. Nikajiuliza, mbona mimi sishikwi? Nikaanza kukumbuka mume wangu alivyokufa. Nikawa nikiwapa watoto uji nageuza uso, nisiwatazame. Ulipoingia juzi na yule mzee, mimi nilikuwa nimeshakubali kuwa ni mimi."